Nilivyolinganisha mshahara wa Uswisi na wa Ujerumani, baada ya kushauriwa vibaya na kila mtu

Nilipata ofa mbili za kazi ile ile, moja Munich Ujerumani, nyingine Kreuzlingen Uswisi, na ghafla ukoo mzima ukawa wa wachumi. Anko akapiga simu: "Uswisi wanakupa karibu mara mbili, sasa unauliza nini tena?" Jamaa yangu mmoja anayejiona kasoma akanitumia ile indeksi ya Big Mac ya gazeti la The Economist, inayolinganisha bei ya baga moja ile ile nchi na nchi, ile waliyoianza 1986, ona Uswisi ilivyo juu, mshahara wote utauacha dukani. Wanaongea kwa kujiamini hao! Hakuna hata mmoja aliyeuliza nina watoto wangapi.

Gross, yaani mshahara kabla ya makato, niliitupa pembeni siku ya kwanza. Ujerumani wanakata kodi, pensheni, bima ya kukosa kazi, bima ya afya, yaani ukiona slipu unataka kulia, ila kwenye hiyo bima ya afya mwajiri anachangia karibu nusu, na mke asiye na kipato pamoja na watoto wanaingia humo humo bila kuongeza hata senti. Uswisi makato madogo, slipu inapendeza kweli, kumbe bima ya afya haimo kabisa, unailipa mwenyewe, kila kichwa na yake mpaka kitoto kichanga (cha mtoto ni nafuu lakini kipo), na haijali unalipwa kiasi gani. Sisi tuko wanne, ikala kipande kizuri cha ile "mara mbili" ya anko.

Bei sasa. Wastani wa mitandaoni siuamini, unamchanganya anayekula hotelini kila jioni na mimi ninayepika kwangu. Nilichofanya, na hapa naomba nijisifu kidogo, supamaketi kubwa za nchi zote mbili zinauza online, kwa hiyo nikafungua moja ya huku na moja ya kule, nikaweka postikodi kama vile tayari naishi pale, nikaanza kujaza kikapu: mafuta ya kupikia, mchele, mayai, maziwa, kuku, pampasi, sabuni ya kufulia, matumizi yetu sisi ya mwezi, ujazo ule ule. Nikifika sehemu ya kulipa napiga picha skrini, nafunga. Mama watoto anapita nyuma yangu, "hivi wewe unanunua au unacheza?" Nikarudia na matangazo ya nyumba za kupanga, nikarudia na chekechea. Vitu vya kiwandani havikupishana sana kama nilivyotishwa, balaa ilikuwa nyama, halafu chochote kinachofanywa na mkono wa mtu: kunyoa, fundi bomba, kulea mtoto. Na ina sababu, kinyozi wa Uswisi hanyoi vichwa vingi kuliko wa nchi nyingine, ila asipolipwa kama Mswisi anaacha mkasi anaenda kazi nyingine, na kunyolewa huwezi kuagiza kwa kontena.

Halafu sikubadilisha faranga kuwa yuro, hapo ndo wengi wanapotea. Kila kikapu nilikigawa kwa kinachoingia mkononi kwa saa, baada ya makato na bima, nikapata saa za kazi. Angalieni mkataba lakini, wangu wa Uswisi ulisema saa 42 kwa wiki, wa Munich 38. Kwa hesabu hiyo chakula kilikaribia kulingana, pango likalingana pia maana Munich nayo si ya mchezo, chekechea Uswisi ikanivunja mgongo. Jamaa wa Big Mac akaanza kucheka.

Asichokiona ni kwamba mimi siyo pesa yote naila pale pale. Ile dola ya kimataifa ya Benki ya Dunia, dola ya kwenye hesabu tu inayosawazisha bei za nchi mbalimbali, nayo ni nzuri kwa kulinganisha uchumi wa nchi na nchi, ila inapima kana kwamba kila shilingi inatumika kwa bei za hapo unapolipwa. Mimi natuma nyumbani kila mwezi na kuna akiba, na pesa inayotumwa inapita kwa bei ya soko ya kubadilisha fedha, haiulizi kuku wa Uswisi ni bei gani! Ukibakiza moja ya tano ya mshahara mkubwa na moja ya tano ya mdogo, pale pale ulipo maisha yanafanana, lakini ikifika nyumbani ile ya kwanza inajenga haraka zaidi. Kwa hiyo nikapiga hesabu mbili: ninachokula kwa saa za kazi, ninachotuma kwa bei ya benki. Uswisi ikashinda.

Na Kreuzlingen nilijua ninachofanya, unavuka mpaka kwa miguu unaingia Konstanz, Ujerumani, unanunua kwa bei za kule. Tangu Januari 2025 Uswisi wameshusha kiwango, unaingiza vitu vya faranga 150 kwa mtu kwa siku bila kulipia VAT ya Uswisi, zamani ilikuwa 300, na nyama kilo moja tu kwa kichwa. Tukienda wanne hesabuni wenyewe.

Mnaoniuliza Dubai: ndio, kodi ya mshahara hakuna, ila kabla ya kusaini uliza nyumba analipa nani, maana pango kule mara nyingi wanataka hundi za mwaka mzima uwape mapema, na watoto shule za Kiingereza ni za kulipia. Hayo mawili yakiwa juu yako, anza kujaza vikapu.