Kujenga na Kurusha Pietenpol: Hakifunikwi Kitu Kabla ya Kujaribiwa

Nilipoamua kujenga ndege yangu mwenyewe sikuwa natafuta kasi. Nilitaka ndege ya mbao na kitambaa, yenye viti viwili vilivyo wazi, kimoja nyuma ya kingine, ambayo seremala mvumilivu anaweza kuielewa kipande kwa kipande, na uchaguzi wangu ukaangukia Pietenpol Air Camper. Bernard Pietenpol, fundi aliyejisomea mwenyewe katika kijiji cha Cherry Grove, jimbo la Minnesota nchini Marekani, aliibuni mwishoni mwa miaka ya 1920 na kuifunga injini ya gari la Ford Model A, yenye nguvu farasi zipatazo 40, wakati ambapo mhariri mmoja wa jarida alikuwa akishikilia kwamba injini ya gari haifai kurushia ndege. Michoro yake ilichapishwa mwaka 1932, na wajenzi wa nyumbani hawajaacha kuitumia hadi leo. Mimi niliifuata michoro hiyo kwa umbo na vipimo, ila badala ya injini ya gari nikachagua injini ya ndege, Continental A-65 ya nguvu farasi 65, uamuzi ambao baadaye ulinidai hesabu nyingi kuliko nilivyotarajia.

Watu wengi hudhani kwamba ugumu wa kazi hii uko katika kuchonga mbao. Kuchonga ni kazi ya subira tu. Ugumu wenyewe ni kwamba karibu kila kiungo cha ndege ya namna hii huishia kufichwa: gundi hukaukia ndani ya maungio, mbavu za bawa hufunikwa na kitambaa, kebo za kuongozea hupita chini ya sakafu, na kutoka hapo rubani hutegemea kitu asichoweza kukiona tena. Kwa sababu hiyo nilijiwekea kanuni moja tangu mwanzo, kwamba hakifunikwi kitu kabla mfano wake haujavunjwa au chenyewe hakijakaguliwa na jicho lisilo langu.

Kanuni hiyo ilianza kufanya kazi kwenye mbao. Mihimili miwili ya bawa, ule wa mbele na ule wa nyuma, ndiyo inayobeba uzito wote angani, nayo hutengenezwa kwa mbao za mti wa sprusi, ambao ni mwepesi na wenye nguvu kubwa kwa uzito wake. Mbao za kawaida za ujenzi hazikubaliki hapo. Nyuzi za mbao zinatakiwa kwenda sambamba na urefu wa ubao, zisiteleze kando kwa zaidi ya sehemu moja katika sehemu 15. Pete za ukuaji zisipungue sita katika kila inchi. Na unyevu uwe kati ya asilimia 8 na 12 hivi. Kuufuata mwelekeo wa nyuzi kwa macho peke yake ni kujidanganya, hasa kwenye ubao uliopigwa randa ukang'aa. Nilichofanya ni kudondosha tone la wino wa kalamu kwenye uso wa ubao na kuutazama ukitambaa, kwa kuwa wino hufuata nyuzi zenyewe na kumwonyesha mtu mshazari ambao jicho lilikuwa limeupita. Mbao kadhaa nzuri za kutazama zilikataliwa kwa tone hilo, zikaishia kuwa rafu za karakana.

Kwenye gundi nilikuwa mkali zaidi. Ndege za enzi ya Pietenpol ziliunganishwa kwa gundi ya kaseini, inayotokana na maziwa, ambayo huharibiwa na unyevunyevu na kuvu. Leo wengi wetu tunatumia epoksi. Epoksi ina tabia moja inayomchanganya seremala aliyezoea gundi nyeupe ya fanicha: haipendi kubanwa sana. Ukiikaza klampu kwa nguvu zako zote, gundi hukimbilia nje na kuacha kiungo kikavu, ilhali kwa macho kinaonekana kimeshikana barabara. Kila nilipokoroga gundi niliunganisha pia vipande viwili vya mabaki ya sprusi, nikaviandika tarehe, na vilipokauka nikavibana kwenye jiliwa na kuvivunja kwa nyundo. Mvunjiko unaokubalika ni ule unaopasua mbao, ukaacha nyuzi zimeng'ang'ania pande zote mbili za mstari wa gundi. Kama kiungo kingeachia kwenye mstari wenyewe, uso wa gundi ukiwa laini na unang'aa, basi kila kilichounganishwa kwa mkorogo huo kingetupwa. Vipande hivyo vilivyovunjika nilivihifadhi katika sanduku pamoja na daftari la ujenzi, na mkaguzi alipokuja alitumia muda mrefu kwenye sanduku lile kuliko kwenye bawa.

Mbavu zenyewe zilikwenda haraka. Unachora umbo la ubavu mara moja kwenye ubao bapa, unapigilia vijiti vya kuzuia pembeni mwa mistari, kisha kila ubavu hutoka humo humo ukiwa pacha wa mwenzake, na pembe zake zimefungwa kwa vibao vyembamba vya plaiwudi. Kiwiliwili nacho ni pande mbili zilizojengwa zikiwa zimelala juu ya meza, zikasimamishwa na kuunganishwa.

Mkaguzi aliyepangiwa mradi wangu alikuwa mtu mzima mpole, mwenye tochi, kioo kidogo cha mpini mrefu kama cha daktari wa meno, na swali moja alilolirudia. "Bwana fundi, hii nimeiona," alikuwa akisema, huku kidole chake kiko juu ya bolti iliyofungwa vizuri, "sasa nionyeshe ile iliyo nyuma yake." Aliangalia kila nati ya kebo, akahesabu nyuzi za skrubu zilizoingia ndani ya vikazio, yaani vifaa vya kukazia kebo, na kuhakikisha kwamba kila kikazio kina waya wa usalama usioweza kujifungua wenyewe kwa mtikisiko. Kisha akaniketisha kwenye kiti cha nyuma, akasimama mbele ya ndege, akaamuru: fimbo kulia. Aileroni ya kulia, yaani bapa lenye bawaba nyuma ya bawa, inapaswa kupanda na ya kushoto kushuka. Huenda jambo hilo likaonekana la kitoto, lakini kebo za aileroni zilizounganishwa kinyume zimewahi kuwaua marubani wazoefu sekunde chache baada ya kupaa, na kebo hizo zikiwa sawa ama kinyume, fimbo huteleza kwa ulaini ule ule.

Baada ya kibali chake ndipo kitambaa kilipoingia. Zamani kilikuwa pamba au kitani kilichopakwa dawa ya kukivuta. Siku hizi ni polyesta, ambayo hunywea kwa joto la pasi. Unakibandika kwa gundi pembezoni mwa fremu kikiwa kimelegea kidogo, kisha unakipiga pasi kwa hatua, kuanzia nyuzi joto 121 za Selsiasi na kumalizia 177. Namba zilizoandikwa kwenye kitufe cha pasi ya nyumbani hazina maana yoyote hapa, kwa hiyo pasi ilipimwa kwa kipimajoto na alama zikachorwa upya kwa kalamu, maana kupita kiwango cha mwisho hukilegeza kitambaa badala ya kukikaza. Kipande nilichokifanyia majaribio kwanza kilikuwa fremu ya mabaki. Nilipokigonga kwa kidole baada ya hatua ya mwisho kililia kama ngoma, na fremu ikawa imejipinda kidogo, jambo lililonifundisha kwamba sehemu nyepesi za mkia zinatakiwa kukazwa upande huu na upande ule kwa zamu.

Kushona bawa ni kazi ya watu wawili. Uzi wenye nta hupitishwa kwa sindano ndefu kutoka juu hadi chini ya bawa, ukauzunguka ubavu na kurudi juu, ambako hufungwa fundo kabla ya kusogea kwenye tundu linalofuata. Bila mshono huo, mvuto wa hewa ungekiinua kitambaa na kukitenga na mbavu. Mahali panapopigwa na upepo wa propela mishono huwekwa karibu zaidi. Bawa lilisimamishwa wima, mimi nikiwa upande mmoja na mdogo wangu upande wa pili, na jioni nzima hakukusikika kitu isipokuwa sauti yake nyuma ya kitambaa: "Kaka, imetoka kushoto mno, ivute!" Kichwani nilikuwa nimejiandaa kwa uchovu wa kazi hiyo, lakini ukweli ni kwamba niliifurahia kuliko sehemu nyingine yoyote. Tepe zikafuata juu ya mishono, kisha tabaka la rangi ya fedha linalokinga polyesta dhidi ya miale ya jua, na mwisho rangi ya juu.

Sasa nirudi kwenye deni la injini. Injini ya Ford pamoja na rejeta yake ni nzito, na ndege ilibuniwa ikitegemea uzito huo puani. A-65 ni nyepesi zaidi, hivyo kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo uzito wote wa ndege husawazika, huelekea nyuma, na rubani naye hukaa kiti cha nyuma. Kitovu kinatakiwa kiwe kati ya sentimita 38 na 51 hivi kutoka ukingo wa mbele wa bawa lenye upana wa sentimita 152. Kikivuka mpaka wa nyuma, ndege hupoteza uthabiti na huenda isiinamishe pua pale unapotaka sana iiname. Uzuri wa Pietenpol ni kwamba bawa lake liko juu ya kiwiliwili kwa nguzo fupi, na nguzo hizo zikilazwa kidogo, bawa zima husogea nyuma na hesabu hurejea mahali pake bila kuongeza kipande cha risasi puani. Tuliiweka ndege juu ya mizani tatu, mkia ukiwa umeinuliwa hadi usawa wa kuruka, tukapima ikiwa tupu, nikiwemo ndani, na tangi likiwa limejaa kisha likiwa karibu tupu, kwa kuwa tangi langu liko mbele na kila lita inayoungua husogeza uzito nyuma. Hali mbaya kuliko zote, yaani rubani peke yake na mafuta kidogo, ndiyo iliyoamua mlalo wa nguzo.

Mafuta hushuka kwenye kabureta kwa uzito wake mwenyewe, bila pampu. Jaribio lake ni rahisi na halina mjadala: pua huinuliwa kwa pembe ya kupaa, bomba hufunguliwa mbele ya kabureta, na mafuta yanayotiririka ndani ya ndoo lazima yafikie asilimia 150 ya yale ambayo injini hula ikiwa na nguvu zote. Injini yenyewe huwashwa kwa kuizungusha propela kwa mkono, mkia ukiwa umefungwa kamba, magurudumu yana vizuizi, na mtu anayejua kazi ameketi ndani, mkono ukiwa kwenye swichi.

Kabla ya kuirusha nilijifunza upya kwenye ndege ndogo ya Piper Cub, pamoja na mwalimu, hadi miguu yangu ikazoea kuifuata ndege ya gurudumu la mkia. Katika ndege hizo kitovu cha uzito kiko nyuma ya magurudumu makubwa, kwa hiyo mkia hutaka wakati wote kuwa wa kwanza, na usipoukatalia mapema kwa pedali, ndege hugeuka ghafla pale chini. Hata hivyo Pietenpol ina jambo ambalo Cub haikunifundisha vya kutosha. Nguzo, waya na magurudumu yake hukinza hewa sana, na ukipunguza mafuta kasi hupotea upesi mno, hivyo pua lazima iinamishwe papo hapo na iachwe hivyo hadi karibu kabisa na ardhi.

Asubuhi ya kwanza hapakuwa na upepo. Nilipaa moja kwa moja, sikupinda hadi nilipokuwa juu vya kutosha kurudi uwanjani bila injini, kisha nikazunguka juu ya uwanja huo huo. Kipimakasi cha ndege iliyojengwa nyumbani hakiaminiki kabla hakijalinganishwa na bawa lenyewe. Kwa hiyo nikiwa juu nilipunguza mwendo polepole hadi bawa likaanza kuacha kubeba, nikaisoma namba iliyoonyeshwa, na kasi yangu ya kutua ikakokotolewa kutokana na namba hiyo, si ile iliyoandikwa kwenye michoro. Bawa la kushoto lilikuwa zito, likihitaji fimbo ishikiliwe kulia daima. Dawa yake ilikuwa nusu mzunguko wa skrubu kwenye nguzo ya nyuma ya upande huo: nguzo ikifupishwa, nyuma ya bawa hushuka kidogo, pembe huongezeka, na bawa hubeba zaidi.

Kipindi cha majaribio hakiruhusu abiria. Nchini Marekani, kwa mfano, huwa saa 25 iwapo injini na propela zina vyeti na zimekubaliwa kwenda pamoja, na 40 zisipokuwa hivyo. Nilipokikamilisha bado sikumpakia mtu, bali mifuko ya mchanga iliyofungwa kwa mikanda kwenye kiti cha mbele, uzito ukiongezwa kidogo kidogo, huku nikiandika urefu wa mbio za kupaa na kasi ya kupanda. Kitovu cha uzito hakikusogea sana, kwa kuwa kiti hicho kiko karibu nacho, lakini kupanda kulipungua sana, hasa hewa ilipopata joto. Mdogo wangu alipoingia kwenye kiti kile, kwa kujikunja chini ya bawa na kwa maneno ambayo sitayaandika hapa, nilimwonyesha pa kuweka miguu asiguse kebo, tukapaa kabla jua halijapanda, tangi likiwa nusu. Mchana wa joto, au tangi likijaa, narusha peke yangu.