Mapafu yaliyotiwa bitana

Mume wangu ndiye aliyehesabu mito yangu ya kulalia. Nilianza na mmoja kama watu wote, ukawa miwili, mwaka wa tatu nikawa nalala nimekaa, mito minne mgongoni, huku nikisingizia joto la Dar.

Mimi ni fundi cherehani, Magomeni. Kikohozi cha usiku nilikizoea. Zahanati moja waliniambia ni pumu, nikavuta dawa miezi minane. Makohozi yakapimwa kifua kikuu mara mbili, hamna kitu. Mpaka leo inaniuma kwamba hakuna aliyetulia akausikiliza moyo wangu. Nikienda Kariakoo kununua vitambaa, nilikuwa nasimama ghorofa ya kwanza na kujifanya natafuta simu kwenye mkoba, kumbe pumzi imekata.

Miguu ilipovimba hadi viatu vikagoma, nikapewa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Kipimo cha eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kikaonyesha vali ya mitra imebana, yaani mlango wa damu kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo. Tundu lake kwa mtu mzima ni sentimita za mraba 4 hadi 6. Langu lilikuwa 0.9. Daktari akaniuliza kama utotoni niliwahi kuumwa koo kisha viungo vikavimba. Nikakumbuka darasa la nne, magoti kama maembe, bibi akinikanda kwa maji ya moto. Kumbe ile ilikuwa homa ya baridi yabisi, na ndiyo iliyokula vali.

“Dada, umewezaje kushona mpaka leo?” akaniuliza.

Akanichorea nyuma ya karatasi. Damu ikikosa njia ya kwenda mbele, inarundikana kwenye mapafu. Shinikizo likipanda ghafla kwa mtu ambaye hajazoea, maji yanavuja hadi kwenye vifuko vya hewa, anakohoa povu jekundujekundu, na asipowahishwa anakufa. Langu lilipanda polepole, miaka na miaka, mapafu yakapata muda wa kujipanga. Kuta za mishipa myembamba zikawa nene ili zisivuje ovyo. Mifereji ya limfu ikapanuka na kuondoa maji mengi kuliko kawaida. Na mishipa inayoleta damu kutoka upande wa kulia wa moyo ikakaza misuli yake, damu isiingie kwa kishindo.

Mimi nikamwelewa kifundi: mapafu yametiwa bitana, na juu yake lastiki.

“Basi si yamenisaidia?”

“Yamekusaidia, na yamekugharimu,” akasema. Bitana ikiwa nzito, hewa nayo inapita kwa shida. Lastiki ikikaza, upande wa kulia wa moyo unasukuma mzigo ambao haukuumbiwa. Shinikizo la mishipa ya mapafu, ambalo kwa kawaida halifiki milimita 35 za zebaki moyo unapodunda, langu lilikuwa 72. Ndiyo sababu ya miguu, na ya ini lililokuwa likinijaza tumbo nikila vijiko vitatu tu.

Nikisubiri matibabu ya vali nilipewa dawa za kutoa maji, na kazi ya kujichunga. Nilinunua mizani. Kila asubuhi nikitoka msalani, kabla ya chai, nikiwa na kanga ileile, napima na kuandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja. Uzito ukipanda kilo 2 ndani ya siku 3, napiga simu kliniki bila kusubiri kuhema. Hilo lilinichukua muda kulikubali. Nilikuwa najipima kwa pumzi, na pumzi yangu ilikwishafundishwa kudanganya.

Chumvi ndiyo ilikuwa vita. Mama mkwe alikuja kuniuguza na ng’onda wake.

“Mwanangu, mgonjwa hali chakula cha chapwa.”

“Mama, chumvi inavuta maji, na maji ndiyo yanayonizamisha.”

Hakunijibu. Kesho yake nilimkuta kamwaga maji ya kuloweka samaki mara tatu, ndimu na pilipili pembeni. Ng’onda hata hivyo sikumla, lakini ndimu nilibaki nayo.

Vali waliitanua kwa puto lililopitishwa kwenye mshipa wa nena. Tundu likafika 1.8. Nilidhani shinikizo litarudi kawaida siku hiyohiyo. Lilishuka hadi 54 likagoma. Daktari akasema lastiki iliyokazwa tu inalegea mapema, ila misuli iliyonenepa inafumuka taratibu, na pengine isifumuke yote. Baada ya miezi sita lilikuwa 41. Sindano ya penisilini, ya kuzuia ile homa isirudi, naendelea nayo kila wiki 4, inauma kwelikweli.

Ngazi za Kariakoo napanda mbili bila kutafuta simu. Mito imebaki miwili, na mizani iko chini ya meza ya cherehani. Wateja wengine wanaomba kujipima.