Siku moja na rangi za korongo, Nasser Road

Saa moja na nusu asubuhi nawasha kompyuta. Skrini isipopata moto kwanza, rangi zake si za kuamini. Kazi yangu ni kuandaa michoro ya watu kabla haijachapwa. Nje, Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, imeanza kujaa watu na marobota ya karatasi.

Saa mbili na nusu. Bango la A3: korongo mwenye taji, nyuma yake Ziwa Victoria jioni. Mchoraji amelituma kwa WhatsApp, likapunguzwa njiani, limefika na upana wa pikseli (nukta za picha) 1,600. Kwa pikseli 300 kila inchi, upana wa A3, milimita 297, unadai kama 3,500. Nampigia: "Dada, nitumie faili yenyewe uliyochorea, kwa barua pepe." Hataki kuchelewa, nami sitaki korongo wake atoke na manyoya ya ukungu.

Saa nne faili imefika, naye kaja nayo. Hapa ndipo asubuhi yote inapoishia. Skrini huunda rangi kwa mwanga. Mashine ina wino wa sayani (samawati), majenta (waridi kali), njano na nyeusi basi. Bluu kali ya ziwa lake hakuna wino wa kuifikia, na programu ikiachwa iigeuze peke yake, ziwa linaelekea zambarau. Napunguza majenta kidogo kidogo, natoa nakala ya majaribio, tunaipeleka dirishani.

"Kaka, imepoa."

Kweli imepoa. Namwonyesha njia mbili: bluu iliyotulia, au rangi za anga nzima zibadilishwe ili ziwa lionekane limekolea kwa kulinganishwa. Anachagua ya pili. Uamuzi huo ni wake. Mchapaji asimchagulie msanii rangi kimyakimya.

Saa saba, chapati na maharage.

Mchana ni usafi. Naongeza milimita 3 kila upande za kukatwa, ili kisu kikiyumba pasibaki ukingo mweupe. Maandishi madogo nayaweka nyeusi tupu. Yakichanganywa wino nne, pleti (bamba za kuchapia, moja kwa kila wino) zikipishana kidogo tu herufi zinaota kivuli. Kwenye giza la matete jumla ya wino nne, kila mmoja ukihesabiwa hadi asilimia 100, ilipita asilimia 340. Naishusha hadi 300, la sivyo karatasi zitapakazana kabla hazijakauka.

Saa kumi pleti zinatoka. Saa kumi na moja na nusu fundi wa mashine anatuita: "Njooni muone." Anachungulia karatasi ya kwanza kwa lenzi, anapunguza majenta, anavuta nyingine. Dada anaitazama sana ile ngozi nyekundu ya kooni mwa korongo, kisha anatia sahihi pembeni mwa karatasi. Fundi anaibandika juu ya meza yake, ndiyo atakayoifuata, na mashine inaachiwa ikimbie.