Nilimfuata Nzi Wangu Hadi Mto Gura

Ndizi nilizinunua Makutano, kichana kizima, kwa mama aliyezisogeza dirishani kabla matatu haijasimama sawasawa. Baba alitulea kwamba mgeni haingii kwa mtu mikono mitupu, na mzee aliyenialika Nyeri alikuwa amenialika mara tatu. Nikaziweka mapajani, safari ikaendelea: Sagana, Karatina, baridi ikianza kupenya madirishani. Sikujua kwamba nimepakata nuksi.

Kazi yangu ni kufunga nzi. Nasema nzi kwa sababu ndivyo tunavyowaita, ingawa ni manyoya na uzi juu ya ndoano, ili samaki adhani ni mdudu aangukaye mtoni. Kwa miaka 11 nimekaa mbele ya vaisi, kibano kinachoishika ndoano, katika karakana moja Nairobi, na wenzangu karibu wote ni wanawake. Tunafunga kwa dazeni. Nzi wetu wanapanda ndege kwenda Ulaya na Marekani, wanatupwa katika mito ambayo hatutaiona, na muda wote huo mimi sikuwahi kumwona trauti, samaki wa mito ya baridi anayevuliwa kwa nzi hao, hata mmoja, si mtoni wala sahanini.

Mzee huyu huja mjini kila baada ya miezi michache kununua nzi wenye kasoro ndogo, wale wasiopita ukaguzi. Yeye huongoza wavuvi katika mito ya Aberdare, kazi aliyoianza akiwa kijana wa kubeba mabegi. Siku moja alimshika nzi wangu, akamgeuza kwenye mwanga, akaniuliza, "Mama, umeshaona huyu anafanya nini majini?" Nikasema sijaona. "Basi njoo uone kazi ya mkono wako."

Tulitoka Nyeri saa kumi na moja alfajiri kwa gari la mteja wake, mwalimu mstaafu ambaye naye nitamwita Mwalimu tu. Kwenye lango la Ruhuruini, wakati wa kulipia na kuonyesha leseni za kuvua, mzee aliuona mfuko wangu.

"Mama, humo mna nini?"

"Ndizi, mzee. Zawadi yenu."

Mwalimu aligeuza uso upande wa pili, akanyamaza. Mzee akanieleza kwa upole, kama anayemfundisha mkwe desturi za nyumba. Ndizi haziendi mtoni. Mwiko huo si wa Wakikuyu, maana Nyeri nzima inakula ndizi. Umeletwa na wageni waliozoea kuvua kwa mashua baharini, ambako ndizi ndani ya chombo ni mkosi. Sababu zinazotolewa ni nyingi: kwamba meli za ndizi zilikwenda mbio kuwahi zisioze, wavuvi wake wasipate nafasi ya kuvua, kwamba mikungu ilibeba buibui wenye sumu, kwamba ndizi huivisha na kuozesha matunda mengine yote yaliyo karibu. "Nimeongoza mtu aliyerudi hotelini kwa sababu ya ndizi moja," mzee alisema. Tukazila palepale langoni na askari wa wanyamapori, zote, maganda tukayaacha kwenye pipa. Ndizi ikishafika tumboni haina neno.

Sikuudhika hata kidogo. Nilimkumbuka Baba. Alikuwa mvuvi wa Gazi, kwetu pwani, mtu wa malema na mshipi, na hakuna aliyethubutu kumwuliza alfajiri, "Unakwenda wapi?" Ukimwuliza, aliweka mzigo chini na safari ikafa. Mama alijifunza kumtazama tu. Nilipoona Mwalimu amegeuza uso badala ya kunigombeza, nilijua niko na watu ninaowafahamu.

Barabara ilipanda kwenye mianzi hadi tukatoka juu kwenye uwanda, zaidi ya mita 3,000, nyasi za mafungumafungu na umande ulioganda. Jua lilipochomoza, Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, ilionekana ng'ambo, nyeusi, ncha zake zikiwaka. Mzee alishuka, akavua kofia, akasimama akiuelekea mlima kwa muda. Hakuna aliyezungumza. Kisha askari akatangulia na bunduki yake, maana nyati hupenda vichaka vya kando ya mito ile.

Mto Gura kwa juu si mkubwa. Mtu angeweza kuuruka mahali pengine kama angekuwa na moyo. Maji ni ya rangi ya chai ya rangi, baridi ya kuuma mifupa, na mbele kidogo mto huohuo unajitupa kwenye maporomoko ya Gura. Humo ndimo trauti wa kwanza wa Kenya walimotiwa mwaka 1905. Mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai yao kutoka ziwa la Loch Leven, Uskoti. Nililipenda jambo hilo zaidi ya nilivyotarajia. Mayai yaliletwa kwa meli, yakapita pwani yetu, yakapanda hadi huku. Mimi nami nimetoka pwani nikapanda hadi huku, tumekutana.

Mwalimu alijiandaa taratibu sana. Kofia yake ilikuwa imefifia hadi haina rangi ya kutajika, na ukingoni ilichomekwa nzi waliochakaa. Haifuliwi, mzee aliniambia, tangu siku iliyomletea samaki wake mkubwa kuliko wote. Wavu mdogo wa kuopolea ulibaki umekunjwa mgongoni. Ukiukunjua kabla ya samaki kushika, umemwambia mto kwamba unadai. Na niliambiwa niombe samaki asije kwenye rusho la kwanza, kwani akija hapo siku yote inayofuata ni kavu. Hilo la mwisho nililifikiria sana. Kwetu karakanani tunaogopa vivyo hivyo: nzi wa kwanza akitoka bila kosa, akakaa kama amepigwa chapa, wenzangu husema, "Leo utafumua hadi jioni."

Asubuhi ilipita bila samaki. Mwalimu alirusha, akasogea, akarusha. Mshipi ulikuwa unafunguka hewani kama utepe, kisha unatua bila kishindo. Nilikuwa nimedhani uvuvi huu ni wa kukaa. Si wa kukaa: ni wa kunyata, kupiga magoti, kujificha nyuma ya nyasi ili kivuli chako kisiguse maji. Hakuna aliyesema "leo hawapo." Hakuna aliyesema "labda pale mbele." Mzee alionyesha kwa kidevu tu.

Saa sita tukaketi juu ya jiwe na chupa ya chai, na hapo ndipo Mwalimu alipofunguka. Alisema wavuvi wa pwani ya Uskoti, huko huko trauti hawa walikotoka, zamani hawakulitaja jina la samoni wakiwa baharini. Walimwita samaki mwekundu. Nguruwe naye hakutajwa, na aliyeteleza ulimi aligusa chuma upesi. Na kila mwaka tarehe 15 Januari, msimu wa samoni unapofunguliwa katika mto Tay, watu hukusanyika Kenmore na mashua humwagiwa wiski kabla haijaingia majini.

Nikawaambia kwamba kwetu usiku nyoka hatajwi, huitwa kamba, na jirani haji kuazima sindano wala chumvi jua likishazama. Nikawaambia pia kuhusu majahazi ya Lamu yenye macho yaliyochongwa kwenye omo, ili chombo kione kinakokwenda. Mzee alisikiliza kwa makini kabisa. "Macho," alisema. "Hiyo ni nzuri."

Tulipoanza tena, balaa likaingia. Mwalimu alikuwa ametumia nzi mmoja tangu asubuhi, mzee wa nzi, amechanika, kichwa kimebaki waya. Alikuwa naye kwa misimu minne. Rusho moja likashuka nyuma ya jiwe, mshipi ukakaza, akavuta, ukakatika. Alisimama na ufito mkononi, akitazama maji. Nimeona mtu akitazama hivyo alipopoteza pete ya ndoa kwenye mchanga wa Gazi, na sikuona kwamba huzuni hizo mbili zina tofauti.

Mzee akanigeukia. "Mama, toa wako."

Sikuwa nimemwambia kama ninaye. Alijua tu. Jumatatu asubuhi, kabla ya kazi za oda, humfunga nzi mmoja kwa masalia tunayoachiwa, huku nikisema Bismillahi, na simwuzi. Baba samaki wa kwanza wa wiki alimtoa sadaka. Mimi sina samaki, nina nzi. Humweka kwenye kiberiti. Nilikuja na kiberiti hicho kifuani, ndani yake wakiwa watatu.

Nikamchagua wa ndoano namba 14. Huyu nimemfunga mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nyuzi nne za mkia wa fezanti, ndege mwekundu wa kahawia, zinabaki zikiwa mkia wa nzi. Nyuzi hizohizo zinazungushwa kuwa mwili. Kisha waya wa shaba, mwembamba kama unywele, unapanda juu yake kwa kuzunguka kinyume, kama kamba inavyoubana mzigo. Aliyemtunga ni Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon kule Wiltshire, Uingereza, na yeye hakutumia uzi kabisa, waya wa shaba ulitosha kufunga na kumpa nzi uzito wa kuzama. Huwa nafurahi kwamba huyu tunajua katoka mkono wa nani. Adams, nzi wa kijivu tunayemfunga kwa maelfu, ana jina la wakili aliyemvulia kwa mara ya kwanza, Charles Adams. Aliyemfunga, mwaka 1922 huko Michigan, alikuwa Len Halladay, na yeye mwenyewe ndiye aliyempa rafiki yake heshima ya jina.

Mwalimu alipitisha mshipi kwenye tundu, akauzungusha mara tano, akataka kulikaza fundo. Mzee akamshika kiganja. "Ngoja. Mate ayatoe aliyemfunga."

Kuna sababu ya kawaida kabisa. Fundo la nailoni likikazwa kavu huungua kwa msuguano na kudhoofika, hivyo wavuvi wote hulilowesha mdomoni. Lakini mzee hakuwa akizungumzia msuguano. Kwa Wakikuyu mate ya mtu mzima ni baraka. Babu humtemea mjukuu kifuani akimtakia heri. Na kwetu mtoto akisifiwa sana, mama hummiminia mate kidogo ya kumkinga na jicho. Nikamtemea nzi wangu, kidogo, nikasema maneno yangu kimoyomoyo. Fundo likakazwa.

Kidimbwi cha kwanza, hakuna kitu. Cha pili, hakuna. Kwenye cha tatu maji yaligeuka chini ya ukingo ulioliwa, na mimi nilikuwa nimepiga magoti nyuma kidogo ya Mwalimu. Niliona ncha ya mshipi ikisita. Haikuvutwa. Ilisita, kama mtu aliyeitwa njiani. Mwalimu akainua ufito na mto ukapasuka.

Wavu ukakunjuliwa sasa, kwa haraka, na mzee akaingia hadi magotini. Alipomwinua, niliomba nimwone karibu. Urefu wake ulikuwa kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi kifundo. Mgongo wa zeituni, tumbo la siagi, na ubavuni madoa meusi na mekundu, kila jekundu limezungushiwa duara jeupe, safi kiasi kwamba niliwaza ni nani aliyeketi akayapaka kwa uvumilivu namna ile. Pembeni mwa mdomo wake alikuwa nzi wangu. Nyuzi mbili za fezanti zilikuwa zimeshakatika kwa meno. Waya ulikuwa umeshika.

Nililia. Sioni haya kuliandika hili. Miaka 11 nimewatuma nzi bila kupata habari zao, na huyu mmoja nilimkuta kazini.

Mwalimu alimtoa ndoana, akamshika samaki akiwa ameelekea mkondo hadi mapezi yakapata nguvu, akamwachia. Kisha akanyoosha nzi kunirudishia. Mzee akakataa kwa niaba yangu. "Harudi. Ameshaonja." Nikaelewa ndipo bahati ya nzi inapoanzia kwao: si anapotoka karakanani akiwa mzuri, ni anapochanwa. Na kweli nyuzi zilizolegea hucheza majini kuliko zilizobanwa, hilo nililiona kwa macho yangu alaasiri ile, kwani nzi yuleyule aliyechakaa alishika wawili tena.

Jua lilipoinama sikusikia mtu akisema "la mwisho." Kulisema ni kuufunga mto. Mzee alisema tu, "Bado moja," Mwalimu akarusha, akasema naye, "Bado moja," akarusha, na katikati ya kusema hivyo mshipi ukawa umeshakunjwa kwenye rili na tunatembea kuelekea garini. Nzi wangu alikuwa amechomekwa kwenye ukingo wa kofia isiyofuliwa, katikati ya wazee wenzake.

Jumatatu nilikaa kwenye vaisi mapema, kabla ya wenzangu. Mkia, mwili, kisha nikafika kwenye waya na mkono ukasita. Nikiuzungusha mara sita, nyuzi zitavumilia meno kwa muda mrefu. Nikiuzungusha mara nne kama kawaida, samaki wawili watatu watamchana, naye akishachanwa ndipo watakapompenda.

Nikauzungusha mara nne. Nikalowesha kidole, nikagusa fundo, nikamtia kwenye kiberiti, nikavuta boksi la oda.