Silinda inayong'aa si lazima iwe nzima

Huku Mkokotoni, mnunuzi wa mashine ya boti iliyokwisha kutumika humwomba fundi afungue silinda hedi, yaani kifuniko cha silinda ambamo pistoni hupanda na kushuka, kisha hupitisha kidole ndani, na akikuta ukuta umelainika na kung'aa huridhika. Mimi ningeshuku kwanza.

Katika mashine nyingi za stroki mbili tunazotumia, ukuta huo ni slivu, yaani bomba la ndani, ya chuma cha kusubu, ambacho kina kaboni zaidi ya asilimia 2, na sehemu kubwa yake imetawanyika ndani kwa umbo la vipande vyembamba vya grafaiti. Grafaiti ni laini na huteleza yenyewe. Tena pale inapong'oka huacha vishimo vinavyoshika oili. Ndiyo maana chuma hiki hustahimili msuguano wa ringi zinazozunguka pistoni kuliko vyuma vingine vilivyo vigumu zaidi. Fundi mzuri akimaliza kuchonga silinda huisugua kwa mawe maalumu, akaacha michirizo myembamba inayokatana, nayo pia ni ghala ya oili. Michirizo ikifutika, ukuta hung'aa, lakini oili haina pa kukaa.

Ulikaji hauwi sawa kila mahali. Huzidi juu, pale ringi inaposimama kabla ya kugeuka, kwa kuwa hapo joto na shinikizo ni vikubwa na utando wa oili ni mwembamba kabisa. Afadhali basi mnunuzi apandishe ukucha taratibu kuelekea juu: ukikwama kwenye kiukingo, ringi zimekwisha kula chuma chini yake.

Zipo pia silinda za alumini zilizopakwa Nikasil, yaani nikeli yenye chembe za silikoni kabaidi, iliyobuniwa na kampuni ya Mahle ya Ujerumani mwaka 1967. Ni ngumu mno, ila ni ngozi tu isiyofika sehemu ya kumi ya milimita, na ikichubuka haichongwi ikatiwa pistoni kubwa zaidi. Lazima ipakwe upya. Kwa visiwa vyetu, nachagua chuma cha kusubu, ambacho fundi anaweza kukichonga nusu milimita kikarudi kazini.

Hata hivyo chuma hicho hakivumilii kila kitu. Wapo wanaotoa themostati, vali inayozuia maji ya kupoza mpaka mashine ipate joto, wakidhani wanaiokoa mashine isichemke, kumbe ukuta ukibaki baridi, mvuke wa moshi hugeuka maji yenye asidi, nayo hukila chuma pamoja na msuguano. Mashine ikichemka, kwanza isafishwe chumvi kwenye njia za maji, na themostati iachwe mahali pake.