Viota Milioni 60 Chini ya Barafu

Jumapili jioni nilimwonyesha baba picha kwenye simu. Tulikuwa tumekaa nje, hapa Dunga, ufukoni mwa Ziwa Viktoria, yeye akiziba wavu uliochanika. Picha ni ya sakafu ya bahari, ya kijivu, imejaa vishimo vya mviringo, na katika vingi amelala samaki mmoja.

"Vishimo vya ngege hivyo," akasema, yaani perege wa ziwani. Kisha akaisogeza simu karibu na macho. "Hapana. Ngege hubeba mayai mdomoni akaenda nayo. Huyu ameyalalia. Huyu ni kama kamongo, yule samaki wetu anayepanda juu kuvuta hewa."

Baba hajawahi kuona barafu zaidi ya ile ya kuhifadhia samaki wa mbuta, lakini alielewa mara moja.

Picha hiyo ilipigwa Februari 2021 katika Bahari ya Weddell, Antaktika. Meli ya Kijerumani, Polarstern, ilikuwa ikivuta kamera mita chache tu juu ya sakafu, kwenye kina cha zaidi ya mita 400. Viota vikaanza kupita kwenye skrini, saa baada ya saa, bila kuisha. Watafiti walikadiria eneo la kilomita 240 za mraba lenye viota karibu milioni 60. Kiota kimoja kina upana wa sentimita 75 hivi, na ndani yake, kwa wastani, mayai zaidi ya 1,700. Samaki mwenyewe hana himoglobini, kile kinachoipa damu wekundu, kwa hiyo damu yake si nyekundu. Sili huja kuwinda papo hapo.

Kinachoniuma ni hiki. Tangu 2016 Umoja wa Ulaya umependekeza Bahari ya Weddell iwe eneo la hifadhi, lakini tume inayosimamia uvuvi wa Antaktika haipitishi jambo mpaka wanachama wote wakubali. Bahari ya Ross, nayo ya Antaktika, ilikubaliwa mwaka huohuo. Weddell bado inasubiri, na sasa tunajua nani wanasubiri pamoja nayo.

Najua kiota kikishaharibiwa huwaje. Mwezi wa tatu kuna mtu alipitisha wavu wa kukokota usiku pale penye maji ya kina kifupi, karibu na mafunjo. Jioni iliyotangulia nilikuwa nimehesabu vishimo kumi na vinane vya ngege nikiwa nimesimama ndani ya mtumbwi. Asubuhi mchanga ulikuwa laini, kama umepigwa pasi. Hapa angalau tuliona kwa macho yetu. Kule, bila kamera ile, hakuna ambaye angejua kuna kitu cha kupoteza.

Baba aliirudisha simu akaniuliza kama dume ndiye analinda. Nikamwambia analinda mzazi mmoja tu.

"Basi twende kesho," akasema.

Alinipeleka ndani ya mafunjo, tukazima sauti zetu. Kamongo dume alipanda juu, akavuta pumzi moja yenye kishindo, akashuka palepale alipotokea.