Feritini "ya kawaida" ilivyonichelewesha kupata damu

Ukipungukiwa damu, kila mtu anageuka daktari. Niliambiwa nimeze vidonge vya kuongeza damu mara mbili ya nilivyoandikiwa, ninywe juisi nyekundu kwa wingi, nichemshe mizizi, niongezewe chupa moja ya damu yaishe. Walioniambia wananipenda, sina shaka na hilo. Ila hakuna hata mmoja aliyeuliza kwanza: hiyo damu inapungua kwa sababu gani?

Nina kisukari cha miaka mingi na ugonjwa wa figo wa hatua ya 3, figo zikichuja kiasi cha mililita 48 kwa dakika. Hemoglobini yangu ilikuwa imeshuka hadi 9.4, wakati mwanamke hatakiwi kuwa chini ya 12. Leo niko 11.3, sikuongezewa damu wala sikuchomwa sindano za homoni ya kuongeza damu. Najivunia hilo, na naliandika kwa ajili ya mtu anayeambiwa, kama nilivyoambiwa mimi kwenye kituo cha kwanza, "Hiyo ni figo tu mama, zoea."

Hiyo kauli inaniudhi mpaka leo. Ni kweli figo zinahusika na damu: ndizo zinazotengeneza homoni ya erithropoietini, inayouagiza uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu. Figo zikichoka, agizo linafifia. Lakini kwa anayechuja 48, si jambo la kawaida figo peke yake iishushe damu hadi 9.4. Hapo daktari anatakiwa atafute kitu kingine: madini ya chuma, vitamini B12, asidi ya foliki, au damu inayovuja mahali. Kuisingizia figo kila kitu ni kuacha kazi nusu.

Vidonge vya chuma nilivimeza kwa uaminifu. Kidonge cha kawaida cha miligramu 200 kina chuma chenyewe kama miligramu 65, na tumbo langu lilizihesabu zote. Choo kikawa cheusi (hicho usikiogope, ni chuma) na kigumu kama jiwe (hicho kikupe akili ya kumwambia daktari mapema). Mfamasia mmoja mzee alinishauri nimeze siku moja, niruke moja. Alieleza kwamba dozi moja ya chuma huuamsha mwili utoe hepsidini, homoni inayodhibiti chuma, na hepsidini hiyo huziba njia ya chuma kuingia kwa karibu siku nzima, kwa hiyo kidonge cha kesho yake hupata mlango umefungwa. Nikamuuliza daktari, akakubali. Tumbo likatulia mara moja. Nikawa nameza usiku, mbali na chai na mbali na vidonge vya kalsiamu, kwa kuwa vyote viwili huzuia chuma kisifyonzwe vizuri.

Damu ikapanda kidogo sana, ikasimama. Hapo ndipo wale wa "meza mara mbili" walipopaza sauti.

Sasa hapa nitakaa kidogo, maana ndipo kila kitu kilipogeukia. Nilikuwa na karatasi ya maabara mkononi. Feritini, yaani kipimo cha akiba ya chuma mwilini: 82. Pembeni wamechapa kiwango cha kawaida: 15 hadi 150. Hakuna nyota, hakuna alama nyekundu. Kila aliyeishika karatasi ile aliutelezesha mstari huo kwa kidole na kusema chuma kipo cha kutosha. Kumbe kiwango kile ni cha mtu mwenye figo nzima. Kwa mgonjwa wa figo, feritini isiyozidi 100 pamoja na transferini (protini inayosafirisha chuma kwenye damu) iliyobeba chuma chini ya asilimia 20 ni upungufu wa chuma kabisa. Na hiyo asilimia haikuandikwa popote kwenye karatasi yangu.

Ila vipande vyake vilikuwepo. Chini kabisa palikuwa na mistari miwili ambayo hakuna aliyeigusa: chuma kwenye damu, 38, na TIBC, yaani uwezo wote wa damu kubeba chuma, 310. Gawanya cha kwanza kwa cha pili, zidisha kwa 100. Nilichukua kikokotoo cha simu nikiwa nimekaa kwenye benchi la kusubiri. Ikatoka 12. Nikarudia nikidhani nimebonyeza vibaya. 12 tena. Niliiandika kwa kalamu pembeni ya ile 82, nikaizungushia duara, nikaingia nayo kwa daktari wa figo. Aliitazama, akavuta kiti, akaanza kuniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Hedhi ilikoma lini? Choo kilikuwa cheusi hata kabla ya vidonge? Unatumia dawa gani za maumivu?

Goti langu lilikuwa limeandikiwa diklofenaki kwa muda mrefu. Kipimo cha choo kilionyesha damu, na kamera ya tumboni ikakuta vidonda. Yaani dawa moja ilikuwa inavujisha damu tumboni huku ikizibana figo zilezile zilizokwisha kuchoka. Ikasimamishwa siku ileile. Nilipewa ya kupunguza asidi ili vidonda vipone, na daktari akanieleza kwamba dawa hiyo nayo hupunguza ufyonzwaji wa chuma, kwa hiyo kuendelea na vidonge lingekuwa jambo la kupoteza muda. Isitoshe, ugonjwa wa figo wenyewe huipandisha hepsidini. Ningemeza mara mbili kama walivyotaka, ningeongeza maumivu ya tumbo tu.

Nikawekewa dripu ya chuma. Walinikalisha nusu saa baada ya kumaliza kuangalia kama mwili utaikataa. Usikubali kuharakishwa hapo. Kitu cha kwanza kuondoka ni hamu ya kutafuna barafu, ambayo sikuwa nimemwambia mtu kwa kuwa sikujua ni dalili. Iliisha kabla hemoglobini haijasogea. Kisha ngazi zikawa fupi, kichwa kikaacha kugonga, na namba ikaanza kupanda taratibu, jinsi uboho unavyoweza.

Wenye kisukari, hili liwekeni akilini: kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu, HbA1c, hakiaminiki damu ikiwa na matatizo. Upungufu wa chuma huweza kukipandisha bila sukari kupanda, na chembe changa zikianza kumiminika baada ya chuma, kinashuka. Changu kilishuka nikapongezwa, wakati mashine yangu ya nyumbani ilikuwa inasoma yaleyale. Fuata mashine mpaka damu itulie.

Kuhusu chupa ya damu: kwa mwenye figo haikimbiliwi bila dharura. Damu ya mtu mwingine huweza kuufanya mwili utengeneze kingamwili ambazo kesho zitafanya iwe vigumu kupata figo inayolingana, kama utafika kwenye kupandikizwa. Mizizi ya kuchemsha sikuigusa. Ipo mimea yenye asidi ya aristolokia inayoua figo moja kwa moja, na muuzaji hawezi kukuambia alichotia ndani.

Sasa mdogo wangu ananisumbua: kwa nini 11.3, kwa nini nisichome sindano za homoni nifike 13? Nimemweleza. Utafiti wa TREAT, uliotolewa mwaka 2009, uliwachukua watu zaidi ya 4,000 wenye kisukari na ugonjwa wa figo kama mimi, karibu nusu yao wakapewa sindano za namna hiyo, wakilengwa kufikishwa 13. Moyo na figo havikunufaika, na kiharusi kikaongezeka karibu mara mbili. Sindano hizo zina nafasi yake, na zikitumika kwa kipimo huwaondolea watu kuongezewa damu, ila daktari wangu hazianzishi hemoglobini ikiwa 10 au zaidi, na hata hapo anahakikisha kwanza chuma kipo.

Napima damu kila baada ya miezi mitatu hivi. Naomba chuma na TIBC viandikwe vyote viwili, hata feritini ikionekana nzuri, kwa sababu feritini hupanda pia mwili ukiwa na maambukizi au uvimbe mahali, chuma kikiwa hakipo. Hesabu naifanya mwenyewe palepale dirishani, kabla sijaikunja karatasi.